Nyasho, Nilikomkana Mdogo Wangu

Ukuta wa mbele wa ukumbi wetu mpya hapa Nyasura ulibaki mweupe tangu mafundi wa ujenzi waondoke. Kanisa likaamua uchorwe picha ya Yesu akiwaita wavuvi kando ya ziwa, lakini Bunda hatukupata mtu wa kazi hiyo. Mchungaji akatuteua watu watatu twende Musoma, mtaa wa Nyasho, ambako tuliambiwa wachoraji na wacheza ngoma wamepanga kwenye maghala ya zamani. Tuzione kazi zao, tuchague mmoja. Mwenyekiti wetu alikuwa mzee Wambura, bwana shamba mstaafu. Wa pili mama Rhobi, kiongozi wa kwaya. Wa tatu mimi, kwa sababu ni mwalimu na mlidhani najua mambo ya picha. Mliniomba pia niiandike safari ile ili wote muisome. Nimechelewa wiki mbili, na mkisoma mtajua kwa nini.

Saa moja asubuhi, Jumamosi, tulitoka Bunda kwa pikapu ya mzee Wambura, sote watatu tumekaa mbele. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nyamuswa tulikuta watu wanapanda mahindi, na kabla ya Kiabakari tulisimama kungoja ng'ombe wavuke, mzee Wambura akiwasifia mmoja mmoja kama vile anataka kuwanunua wote. Mama Rhobi akaniambia ni bahati mbaya mdogo wangu yuko mbali. Kijana anayechora ramani kule ofisi ya ardhi Mwanza, alisema, angetuchorea huo ukuta bila shida. Nikamjibu kwamba ramani na picha ni vitu viwili tofauti.

Hapa inabidi nisimamishe gari kidogo niwaeleze. Sina ndugu Mwanza. Nina mdogo wangu mmoja tu, anaitwa Masatu, na tulizaliwa Bukima, baba akiwa mvuvi. Masatu aliacha shule kidato cha pili. Akaanza kuandika majina kwenye mitumbwi, kisha akapata kazi ya kuchora kuta za baa: chupa za bia, wanawake wanaocheza, mambo ya namna hiyo. Wazazi wetu walifariki kabla sijahamia Bunda kufundisha, kwa hiyo huku hakuna aliyewahi kumwona. Mlipoanza kuniuliza ndugu zangu wanafanya kazi gani, nikasema ninaye mmoja, yuko ofisi ya ardhi, anachora ramani. Nililisema mara ya kwanza ili tu maongezi yaishe. Baadaye likawa jambo ambalo kila mtu analijua. Masatu mwenyewe alikuwa akinipigia simu Krismasi na Pasaka. Nilijua yuko Musoma, lakini sikuwahi kumuuliza anakaa mtaa gani.

Saa tatu tulikuwa Nyasho. Tuliacha gari karibu na soko, tukaingia uchochoro wenye maghala yaliyopangana kama vyumba vya darasa. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Dorika, mama wa makamo anayetengeneza batiki. Chumba kizima kilinuka nta. Alituonyesha anavyopaka nta ya moto kwa brashi pale asipotaka rangi ishike, anavyochovya kitambaa, kisha anavyokichemsha ili nta itoke na maua yabaki. Alikuwa ameshachora pia kuta za shule mbili. Picha zake zilikuwa safi na zenye adabu, na mzee Wambura akaandika jina lake kwenye daftari.

Saa tano tulikwenda ghala la pili, ambalo kikundi cha ngoma kimelifanya ukumbi wake. Jukwaa ni mbao walizozichomoa kwenye makreti. Kijana mmoja alikuwa anapiga litungu, zile nyuzi zake nane zikilia taratibu, na wenzake wakaigiza mjane anayefukuzwa shambani na shemeji zake. Waliigiza vizuri kiasi kwamba mama Rhobi alifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Lakini mzee Wambura alikuwa anatazama pazia la nyuma. Lilikuwa limechorwa ziwa wakati wa asubuhi, na kwa kweli ungedhani ukisogea utalowa. Akauliza nani amelichora. Wakasema ni Masa, mlango wa tatu.

Nilijiambia mkoa huu wa Mara una akina Masatu na Masanja wengi.

Alikuwa yeye. Amekonda, ana ndevu sasa, amevaa ovaroli lenye rangi za kila aina. Tulipoingia alinitazama, uso ukafunguka, akaanza, "Shikamoo da..." Mimi nikageuza uso nikaangalia ukuta. Kisha nikamsikia akisema kwa sauti nyingine, ya biashara, "Karibuni wageni. Karibuni sana."

Mzee Wambura akatutambulisha sote, akanitaja mimi kuwa mwalimu wetu. Masatu akanipa mkono. Nikaupokea kama unavyopokea mkono wa mtu usiyemjua.

Akatuzungusha. Hapakuwa na chupa ya bia hata moja. Palikuwa na wanawake wanaoanika dagaa juu ya mawe, watoto wakivuta wavu wa kokoro, mzee ameinama akiziba mtumbwi kwa pamba. Kwenye kona ilisimama picha kubwa kuliko zote: mama mmoja ameketi mlangoni akipaa magamba ya sato, ameinua uso kama mtu aliyeitwa. Alikuwa mama yetu. Alimchora mpaka lile kovu dogo la kidevuni.

Mama Rhobi akasimama pale muda mrefu, kisha akaniangalia.

"Mwalimu, huyu mama mbona amefanana na wewe?"

Nikacheka. Nilicheka kweli, nikasema watu wa ziwani tunafanana wote. Akamgeukia Masatu.

"Ni nani huyu, mwanangu?"

Masatu alikuwa anafuta brashi kwa kitambaa. Aliifuta mpaka ikaisha rangi.

"Ni mama mmoja tu wa Bukima," akasema. "Nilikuwaga namwona."

Nimefundisha watoto miaka mingi na nimewaadhibu wengi kwa uongo. Siku ile nilimfanya mdogo wangu amkane mama yetu mbele ya picha aliyomchora kwa mkono wake, ili mimi nisiaibike. Nilishukuru tu kwamba hakunitaja.

Saa tisa, tukiwa njiani kurudi, tulikata kwenda Butiama kwa dada yake mzee Wambura, aliyetuandalia chai na viazi vitamu. Hapo barazani tukafanya uamuzi. Mzee Wambura alisema yeye hana shaka, maji ya yule kijana yanatembea. Mama Rhobi akasema hata yeye. Ningenyamaza tu, kazi ingekuwa ya Masatu. Lakini nilimwona kichwani mwangu akikaa Nyasura mwezi mzima, akila kwenu, akiulizwa kwao ni wapi na ndugu zake ni nani.

Nikasema, "Nimesikia anachoraga baa."

Mama Rhobi akauliza nimesikia kwa nani. Nikasema watu wanasema. Nikaongeza kwamba si vizuri mkono unaochora baa umchore Bwana Yesu, na kwamba kazi ya Dorika imetulia zaidi. Mzee Wambura alikoroga chai yake, akasema basi, mwalimu ndiye anayejua mambo haya. Akampigia Dorika simu palepale.

Bunda tulifika jua likizama.

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya ibada, nilimfuata mzee Wambura nyumbani kwake nikamweleza yote. Nilitegemea atanikaripia. Akasema tu, "Mimi nilibadili neno langu kwa ajili ya neno lako." Akanisindikiza mpaka barabarani kama kawaida, na hilo lilikuwa zito kuliko kukaripiwa.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikapanda basi la Musoma peke yangu. Masatu alikuwa mlangoni anakata mbao za fremu. Aliponiona aliweka msumeno chini, lakini hakuinuka. Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha, kwanza kwa kumkana, na pili kwa jambo asilolijua, kwamba kazi ya ukutani ilikuwa yake na mimi ndiye niliyeizuia. Hilo la pili lilimuumiza zaidi. Niliona.

"La kwanza nililielewa," akasema. "Nilisema labda dada ana sababu zake huko kanisani. Lakini kazi, dada? Unajua nimeacha baa miaka mingapi?"

Sikujua. Hilo nalo sikuwahi kuliuliza.

Akasema hawezi kuniambia amenisamehe, maana bado. Kisha akaingia ndani akaleta kiti. Tulikaa. Baada ya muda Dorika akapita na ndoo ya maji, akanitambua, akasema, "Kumbe mwalimu wa Bunda amerudi." Nikaona Masatu ananiangalia, anangoja. Safari hii hakunisaidia.

"Mimi ni dada yake," nikasema. "Tumezaliwa tumbo moja."

Dorika akaweka ndoo chini. Alimtazama Masatu, akanitazama mimi, na nilijua anakumbuka alivyotuona siku ile tukitoka mlangoni kwa Masatu, mimi nikitangulia mbele kama ninayekimbizwa. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba ni vizuri ameambiwa, kwa sababu yeye kuchora maji hajui, na ameshamwomba Masatu waje wote wawili Bunda, yeye achore watu na Masatu achore ziwa, ila Masatu alikuwa hajamjibu.

Wakati wa kuondoka Masatu alinisindikiza mpaka stendi. Kabla sijapanda aliniuliza, "Sasa watu wa huko wakikuuliza mimi ni nani, utasemaje?"

Nilimwambia sitangoja waulize.

Basi ndugu zangu wa Nyasura, niliyojifunza Musoma ni machache, na mengine naona haya kuyaandika. Nilikwenda kuwatafutia mchoraji nikajikuta sijui mdogo wangu anakaa wapi, anakula nini, wala anachora nini. Jumatatu ijayo watu wawili watashuka hapa na makopo ya rangi. Mama ni Dorika. Yule kijana mrefu mwenye ndevu ni Masatu, mtoto wa mama yangu. Hajawahi kufanya kazi ofisi ya ardhi. Atalala kwangu, akikubali.