Zombi Aliyefuata Reli hadi Likasi

Jioni upepo ulipogeuka, harufu ya asidi ilishuka kutoka kiwanda cha shaba na kuingia hadi ndani ya sufuria. Ilikwaruza koo na kuwatoa wageni machozi, lakini sisi watoto wa Likasi, mji wa migodi huku Kongo, tulikuwa tumeizoea, hata tukaitamani upepo ulipokwenda upande mwingine. Ni mimi, Kapinga, niliyetangaza mtaani kwetu kwamba ile ilikuwa pumzi ya mazombi. Nilikuwa nimesoma riwaya moja ya vijana katika maktaba ya parokia, ya Kifaransa, isiyo na jalada, ambamo wafu walitoka makaburini na kutafuna mji mzima. Nikawahamishia mtaani kwetu. Mazombi wangu waliburuta miguu, walinuka asidi, na walipenda hasa nyama ya watoto wasioosha vyombo. Baada ya shule watoto wenzangu walipanda ukuta wa uani kwetu kunisikiliza, wamekunja miguu ili isishikwe na kitu kutoka chini. Nilikuwa malkia wa ukuta ule na nilijua.

Lakini msikilizaji niliyemtaka hakupanda ukutani. Baba alifanya kazi kwenye karakana ya reli, na Jumapili baada ya misa alikaa barazani na redio yake, vifungo vya shati vimefunguliwa. Nilimwendea mara nyingi. "Papa, niko na hadisi ya kukuelezea," nilimwambia. "Ngoja kwanza, Kapinga, niko nasikiliza habari," alijibu, kwa upole kabisa, na habari za redio ile hazikuwa na mwisho. Angenifokea ningenuna mpaka anibembeleze. Kwa mtu mpole hata hilo huwezi. Kwa hiyo mwaka ule likizo kubwa ilipoanza nilikuwa na shabaha moja tu: baba asikilize hadithi yangu moja, tangu mwanzo hadi mwisho.

Hapo akaletwa Ntumba. Alikuwa binti wa mdogo wake baba, kutoka Kakanda, mdogo kwangu, mwembamba, mwenye jino la mbele lililomeguka, na alibeba jina la bibi yetu, mama yake baba. Kwetu, watu wenye asili ya Kasai, mtoto akipewa jina la mtu wa ukoo, anapewa na heshima yake. Basi baba yangu, mwanamume mwenye kitambi na masharubu, alikiita kile kitoto "mamu", yaani mama. Alimpisha kwenye kiti. Siku ya kuku, firigisi, ambayo nyumbani kwetu haikuguswa na mtu ila baba, iliondoka kwenye sahani yake ikaenda kutua juu ya bukari ya Ntumba, ule ugali wetu. "Kula, mamu," alisema. Mimi, mtoto wake wa kumzaa, nilipewa shingo. Jina langu nililirithi kwa shangazi fulani wa mama ambaye hakuna aliyeweza kunieleza habari zake, hata kama alikuwa mfupi au mrefu. Nilimwonea Ntumba wivu.

Kisha akanichukulia na ukuta. Aliomba ile riwaya parokiani, akaisoma, akaja na mazombi wake mwenyewe. Hawakutafuna mtu. Walitoka kwenye mashimo ya zamani ya mgodi, helmeti kichwani, wakapita nyumba kwa nyumba wakiuliza zamu ya leo ni ya nani, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba kazi imekwisha. Watoto walisahau kukunja miguu. Nikapaza sauti kwamba zombi hasemi, kila mtu anajua zombi hasemi. "Ya kwako haisemake," Ntumba alinijibu bila kukasirika. "Ya kwangu inasemaka." Hadithi yake ilikuwa bora kuliko yangu. Niliona hivyo palepale, na ndicho kilichoniuma.

Jumapili moja niliamua liwalo na liwe. Nilikuwa nimetunga zombi mpya, dereva wa treni asiye na kichwa, makusudi kwa ajili ya mtu wa karakana ya reli. Tulipomaliza kula nikasimama mbele ya baba na kuanza. Hadithi ilikuwa imefika stesheni tu. "Ngoja kwanza, Kapinga," akasema, akaongeza sauti ya redio. Pale kizingitini Ntumba alikuwa amezungukwa na watoto, naye akaanza ya kwake. Bikizee mmoja alizikwa mbali, huko Kasai, mwanawe hayupo. Akatoka kaburini. Akafuata reli kwa miguu, kikapu cha unga kichwani, hata mbwa hakumuuma. "Jina yake Ntumba," alisema Ntumba. "Anatafuta mutoto yake. Anataka kujua kama alikula."

Mama aliacha kuchambua mboga za jioni. Sisi sote tulijua bibi alizikwa Mwene-Ditu, huko Kasai, na kwamba treni iliyompeleka baba mazishini iliharibika njiani, akafika watu wameshatawanyika. Jambo lile halikutajwa nyumbani. Nami moyo uliniruka kwa furaha: leo Ntumba atachapwa, nikajisemea, leo hata jina halitamwokoa. Baba akazima redio. Sikuwahi kumwona akiizima katikati ya habari.

"Na mutoto yake alimufungulia mulango?" akauliza.

Ntumba alimtazama sana, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto. "Weye, mwana wangu, ungefungula?"

"Ningefungula, mamu," baba alisema. "Ningefungula mbio." Akajifuta uso kwa ncha ya shati, akamsogezea kiti. Dereva wangu wa treni alibaki stesheni, na hajaondoka hadi leo.

Sasa Ntumba ni mwandishi. Vitabu vyake vya mazombi vinachapwa Lubumbashi, na vijana wa Likasi wanaazimana mpaka kurasa zinalegea. Harufu ya asidi haishuki tena kama zamani, ila vitabuni mwake inashuka kila sura, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ilikuwa yangu. Baba alifariki, nikamzika mimi, na mtoto wangu wa kiume amechukua jina lake. Namwita Tatu, yaani baba kwa lugha yetu ya Kasai, kama desturi inavyotaka. Namwachia firigisi. Ana masikio ya baba, na ule upole.

Juzi nilimkuta amelala kifudifudi kwenye mkeka, kitabu kipya cha Ntumba mbele yake. Nikakaa kando yake. "Tatu," nikamwambia, "niko na hadisi ya kukuelezea. Ya dereva wa treni asiyekuwa na kichwa."

Hakuinua macho. "Ngoja kwanza, mama," akasema, kwa upole kabisa, na kufunua ukurasa.