Jua Lililoingia kwa Matundu ya Misumari

Mume wangu alikuwa mpiga picha pale sokoni Tawa, na mwanzo wa ule mwaka wa themanini, redio iliposema jua litapatwa, alishikwa na wazimu wa safari. Kwetu Tawa lingefunikwa karibu lote, lakini yeye hakutaka mambo ya karibu. Ukishuka mpaka Mtito Andei na kupita kidogo, alisema, linazimika kabisa, mchana unakuwa usiku na nyota zinatoka. Na bahati nzuri siku yenyewe ni Jumamosi. Tutoke Ijumaa, tulale kwa dada yake, tuone, Jumapili turudi nyumbani. Alipanga kama mtu anayepanga harusi.

"Na tunaenda wote wawili," akaniambia. "Mtoto akishakuja, tutatoka lini tena?"

Nilikuwa na mimba ya miezi saba, na ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka. Ile ya pili ilitoka baada ya mimi kurushwarushwa ndani ya lori kutoka mji wa Wote, na tangu hapo nikisikia tu mlio wa lori, tumbo linakaza. Lakini nisidanganye, nilitaka kwenda. Nilikuwa nimechoka kubebwa kama yai. Asubuhi nikiamka kitu cha kwanza ni kuweka mkono tumboni na kungoja teke, na likichelewa jasho linanitoka. Nilitaka siku mbili tu za kuogopa kitu kingine.

Yeye alikuwa na jibu la kila swali. Dereva wa lori ni rafiki yake, ataniweka mbele, juu ya mto wa sufi. Barabara mbaya? Atamwambia aende pole. Chakula? Tutabeba muthokoi na chupa ya chai. Macho? Alichukua filamu zilizoungua zikawa nyeusi tii, akazikata vipande na kuzibandika kwenye kadibodi, moja yake na moja yangu. Ya kwangu aliikata kwa uangalifu sana, akanivalisha, akacheka peke yake.

"Na uchungu ukinishika njiani?" nikamuuliza.

"Aa, wewe nawe! Mtito Andei hakuna wanawake wanaozaa?"

Aliyekataa katakata ni mama yake, ambaye tulikuwa tukiishi naye. Mimi nilimwita mwaitu, yaani mama yangu, kama wanavyofanya wake wote kwetu Ukambani. Alikuwa mtu wa kanisa wa kweli, hakosi ibada, na ukimtajia waganga anakufukuza jikoni. Lakini jua kuzimwa mchana, hilo lilimshinda.

"Mwenye mimba hasimami chini ya kitu kama hicho," akasema.

"Nani alikwambia, mama? Biblia imesema wapi?"

"Hakuna aliyeniambia. Mbili zimeenda. Hata hii unataka kuipeleka Mtito Andei?"

Mimi nikainama, nikajifanya natafuta kiatu.

Wiki nzima nilikuwa naenda na kurudi. Asubuhi nafunga mkoba, jioni naufungua. Nikimsikiliza mume wangu, naona nyota za mchana. Nikimsikiliza mwaitu, naona damu. Nilikuwa mkali kama pilipili, nikamgombeza hata kuku. Ijumaa lori lilipopiga honi barabarani, nilitoka nje nikamkuta mwaitu amekaa juu ya mkoba wangu, anachambua maharagwe, wala hanitazami. Tumbo likakaza. Sijui lilikaza kweli au ni woga.

"Nenda tu," nikamwambia mume wangu. "Utaniletea picha."

Alisimama akiwa ameshika miwani zote mbili za kadibodi. Uso ulimwanguka mpaka nikamhurumia. Kisha akapanda na kamera yake, nami nikabaki na hasira kwa sababu ameenda, na tena na hasira kwa sababu nimefurahi kubaki.

Jumamosi mwaitu aliamka akavaa gauni lake jeupe la kanisa. Akatundika mablanketi kwenye madirisha, akasokomeza matambara chini ya mlango, akafunika mtungi wa maji. Mimi akanilaza kwenye mkeka katikati ya nyumba. Redio ya jirani ilikuwa ikipiga kelele kwamba watu wakae ndani, na soko lote lilinyamaza. Joto lilikuwa la kuua, lakini nililala hivyo hivyo, mkono juu ya tumbo.

Kitu ambacho hakuna aliyekikumbuka ni paa. Mabati yetu mume wangu aliyanunua yakiwa yameshatumika, yametolewa kwenye ghala la pamba lililobomolewa, na yalikuwa na matundu ya misumari ya zamani kila mahali. Sisi matundu hayo tuliyalaani wakati wa mvua tu, tukipanga masufuria sakafuni. Kiangazi yalikuwa yakitupa mwanga mdogo wa duara hapa na pale, kama shilingi zilizomwagika, na tulikuwa tumeuzoea hata hatuuoni.

Duara mojawapo lilikuwa juu ya tumbo langu. Nililitazama kwa sababu sikuwa na kingine cha kutazama. Nikaona limeng'atwa pembeni.

Nikapangusa leso niliyojifunga, nikidhani ni uchafu. Bado limeng'atwa. Nikageuza kichwa. La sakafuni limeng'atwa, la ukutani limeng'atwa, yote, na yote upande mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jua lenyewe lilikuwa ndani ya nyumba, limekaa juu ya mtoto wangu, na linaliwa.

"Mwaitu!" nikapiga kelele. "Liko hapa! Liko juu yangu!"

Aliangalia tumbo, akaangalia paa. "Woi, Ngai wakwa!" Akanivuta kwenye pembe, na huko nako yapo. Akanivuta kwingine, yapo. Yalikuwa yamekonda sasa, membamba kama vipande vya kucha, na nyumba ilianza kuwa giza, giza la ajabu lisilo la jioni. Kuku walikuwa wakiingia kulala. Nilihisi mtoto ametulia kabisa, nikaanza kulia.

Ndipo mwaitu alipopiga magoti, mzee yule mwenye magoti mabovu, akainama juu ya tumbo langu akiegemea viwiko, mgongo wake juu. Hakunigusa kwa uzito wake hata kidogo. "Mimi nimeishi," akawa anasema, sijui akimwambia Mungu au akiliambia jua. "Mimi nimeishi ya kutosha. Kaa kwangu." Na kweli, zile kucha za mwanga zilikuwa zimetapakaa kwenye gauni lake jeupe, kuanzia mabegani mpaka kiunoni. Hakuondoka mpaka jogoo alipowika na maduara yakajaa tena. Mtoto akapiga teke. Mwaitu alilisikia kwa kifua chake.

Mume wangu alirudi Jumapili na picha ambayo baadaye ilitoka kitone cheusi tu. Nilipomweleza yetu, alishika kichwa. "Nyumba yote ilikuwa kamera!" akasema, akacheka mpaka akakaa chini. Akatueleza kwamba tundu dogo huchora chochote kilicho mbele yake, wala halidhuru mtu. Mimi nilimwamini nusu. Mwaitu hakucheka. Tangu siku hiyo alikataa nimsugue mgongo akioga, kazi niliyomfanyia siku zote, na mimi nikadhani amekasirika.

Mtoto alizaliwa Aprili, msichana, na kwa desturi yetu akabeba jina la mwaitu. Tulipofika nyumbani kutoka hospitali, mwaitu alimpeleka dirishani, akahesabu vidole, akapekua masikio, akamfungua macho kwa kidole gumba. Mtoto akaangua kilio cha hasira.

"Mzima," akasema, akanirudishia.

Halafu akafunga mlango, akanigeuzia mgongo, akalishusha gauni mpaka kiunoni.

"Sasa nitazame mimi," akasema. "Kuna kitu kimetokea?"

"Hakuna kitu, mwaitu."

"Tazama vizuri. Usinifiche."

Nikampakata mtoto kwa mkono mmoja, na mkono mwingine nikaupitisha kwenye mgongo wake, bega hadi bega, polepole, mpaka akaacha kutetemeka.