Ukuta Aliousukuma Mama

Juzi nilipita Bwera, kwenye zile nyumba za bei nafuu za baraza la mji, nikamwona mwanamke jikoni akisonga bundu, ugali wetu wa muhogo. Aliketi chini, sufuria ameibana kwa miguu, viwiko vikitanuka pembeni. Nikacheka peke yangu.

Kabla hazijajengwa, diwani alikuja kutuuliza kama tunazikubali. Alichora moja uwanjani kwa majivu, kwa ukubwa wake kamili, tuione. Mimi, mtoto mdogo wakati huo, niliamini ndiyo nyumba yenyewe, nikawa naingilia mlangoni tu, tena kwa hodi. Mama akaingia na maji ya moto na unga, akaketi jikoni kulijaribu, akaanza kusonga. Harufu ya muhogo ikapanda. Kiwiko chake kikavuka mstari wa ukuta.

"Muheshimiwa, mukono yangu iko kwa jirani!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mimi nikalia: Mama amevunja ukuta wa serikali, polisi watamchukua!

Diwani, naye akicheka, akafuta mstari, akausogeza.

"Sasa, mama?"

"Ongeza."

Akaongeza. Tukala bundu humo humo, ndani ya majivu.

"Unacheka nini?" yule mwanamke aliniuliza juzi.

"Kiwiko chako," nikamjibu. "Kimeenea, hakigusi ukuta."

Akanikaribisha. Nikaingilia mlangoni.