Herufi Nene za Baba

Baba alikuwa mchoraji wa vibao. Kama umewahi kutembea kwenye maduka ya Hurlingham au kuingia Kenyatta Market, huenda ulisoma kazi yake bila kujua: jina la saluni, saa za kufungua kliniki, mshale wa kuelekeza watu kwa fundi wa viatu. Herufi zake zilikuwa nene, zenye kivuli cheusi upande mmoja, na watu wa soko walimwita Fundi tu. Alifariki nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, baada ya kuugua wiki tatu. Tulimzika nyumbani, magharibi. Katika mazishi hayo niliwaandalia wageni chai, nikapanga viti, nikasoma wasifu wake mwanzo hadi mwisho bila sauti kutetemeka. Shangazi zangu walinisifu kwa kujikaza. Mimi niliona kama kuna kitu ndani yangu kimekufa ganzi.

Tuliporudi Uthiru, mtaani kwetu Nairobi, Mama alitia brashi za Baba kwenye mkebe mtupu wa rangi, akaufunika na kuusukuma chini ya kitanda changu, kwa sababu chini ya chake palikuwa pamejaa. Sikuugusa.

Nilijitosa katika mambo ya chuo. Chuo chetu kiko katikati ya jiji, na kuufikia mlango wake lazima upande ngazi tisa. Rafiki yangu wa darasani hutumia kiti cha magurudumu. Ni msichana wa maneno mengi, kicheko chake husikika hadi ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi wanafunzi wanne walimbeba yeye na kiti chake, naye akiwaelekeza kama kondakta: kushoto, polepole, angalieni mguu wangu. Sote tulicheka, na yeye alicheka kutushinda. Halafu siku moja ya mtihani wabebaji walichelewa, akabaki chini akitazama saa mpaka karatasi zikakusanywa.

Mchana huo nilimkuta kwenye kibanda cha chai. Hakuwa anacheka.

"Mimi sitaki kubebwa tena," aliniambia. "Ukibebwa lazima uwachekee wanaokubeba. Nataka kuingia darasani nikiwa nimekasirika na mtu asijue."

Sijawahi kusikia hoja iliyonishika kuliko hiyo. Tuliandika barua kwa usimamizi tukiomba mteremko wa simiti kando ya ngazi. Haikujibiwa. Tukaandika nyingine, ikajibiwa kwamba ya kwanza inashughulikiwa. Hapo nikapendekeza tukae juu ya zile ngazi tisa, darasa zima, tusomee hapo mpaka tusikike. Wakati huo nilikuwa nimeshaamua kugombea uongozi wa wanafunzi, na baadaye, kwa nini nifiche, ubunge. Kwa hiyo nililipenda sana wazo langu mwenyewe.

Tatizo lilikuwa mabango. Tuliyaandika kwa kalamu ya wino mzito, na ukisimama hatua tano tu ungedhani ni orodha ya vitu vya dukani. Rafiki yangu aliyatazama, akauliza kwa upole kama si mimi niliyezaliwa na mchoraji.

Jumapili mchana, Mama akiwa bado kanisani, niliuvuta ule mkebe. Nilitandaza makatoni sakafuni nikaanza kuchora herufi kama nilivyomwona Baba akizichora tangu nikiwa mdogo: kwanza mstari wa penseli, kisha rangi nyekundu, kisha kivuli. Mkono ulijua njia kuliko nilivyotarajia. Mama aliporudi alisimama mlangoni na Biblia yake kwapani. Nilisubiri anikemee.

"Baba yako hakulala hata siku moja na brashi chafu," alisema. "Ukimaliza, uzioshe."

Nilizipeleka kwenye mfereji wa maji wa uani na chupa ya mafuta taa. Rangi ilipoanza kutoka, ile harufu ikanijia usoni, harufu ya shati lake akirudi kutoka kazini, na nikalia. Nililia kwa kwikwi, majirani wakiwa wanaanua nguo zao, na wala sikuona haya. Mama alikuja akachuchumaa kando yangu, akashika mkebe ili usimwagike. Tuliosha brashi zote kumi na moja.

Siku ya maandamano tulijipanga kwenye ngazi na mabango yetu. Nilikuwa nimesahau jambo moja: wateja wengi wa Baba walikuwa wauza nyama, na herufi zetu zilifanana na za vibao vyao. Kabla ya saa tatu, wanaume wawili waliovaa suti walikuwa wameshatuuliza choma iko wapi. Rafiki yangu alicheka hadi akalazimika kushikilia magurudumu ya kiti. Lakini watu walisimama, wakasoma, wakauliza maswali. Mwalimu wetu wa uchumi, mzee mkimya ambaye hatukumtarajia upande wowote, alifika akatutazama kwa muda. Kisha aliweka mkoba wake chini, akasomesha somo zima palepale, akipaza sauti kila gari lilipopita. Siku ya pili walimu watatu walifanya vivyo hivyo. Siku ya tatu mkuu wa chuo alishuka mwenyewe, akatuahidi mteremko mbele ya umati, na akauliza nani ameandika mabango.

Mteremko ulijengwa. Ulikuwa mkali kiasi kwamba rafiki yangu alipoujaribu mara ya kwanza alirudi kinyumenyume hadi mikononi mwa soja wa getini. Wakaubomoa, na safari hii walimwita yeye asimamie vipimo. Aliisimamia kazi hiyo kwa ukali ambao mafundi hawatausahau.

Uchaguzi nilishindwa. Mabango yangu ya kampeni yalipendwa mno. Yalibanduliwa usiku wa kwanza na baadaye tukayaona yametundikwa kwenye vyumba vya hosteli. Wapigakura wengi hawakuwahi kujua nagombea nini. Aliyenishinda aliniomba nimchoree bango la kuapishwa, nikamchorea, ingawa kivuli sikukitia.

Likizo ilipoanza nilienda Kenyatta Market kutafuta vibao vya Baba. Sikuwa na mpango wowote, nilitaka kuviona tu. Nilivikuta vinne, na kimoja, cha mzee mchoma nyama, kilikuwa kimefifia hadi ng'ombe wake akaonekana kama wingu. Mzee aliponiona nimekodolea macho kibao kwa muda mrefu, aliniuliza kama nina njaa. Nilimwambia mimi ni nani. Aliweka kisu chini, akapangusa mikono kwenye aproni.

"Ulishawahi kuona ng'ombe yenye kope?" aliniuliza. "Nilimwambia baba yako, Fundi, ng'ombe haikuwangi na kope hivi. Akanijibu macho hayo ameyatoa kwa binti yake."

Nilisogea karibu. Kope zilikuwepo, ndefu, nyembamba, zimechorwa moja moja. Nilicheka, na machozi yakaja, ila safari hii hayakunishtua. Mzee aliniomba nimrudishie ng'ombe wake. Jumamosi iliyofuata nilipanda ngazi ya mbao na brashi za Baba. Wasusi wa saluni za jirani waliniongoza kutoka chini, kila mmoja akiwa na maoni yake kuhusu pembe. Herufi nilizifanya kama za Baba. Kope niliziongeza mbili.

Mama alikuja kuona wiki hiyohiyo, akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Alisimama chini ya kibao kwa muda, kisha akakaa, akaagiza mbavu na ugali na kachumbari yenye pilipili. Tangu mazishi hakuwa amemzungumzia Baba zaidi ya kusema apumzike. Sasa alianza kunisimulia jinsi walivyokutana, yeye akiuza sukumawiki, Baba akiandika jina la duka la jirani yake. Alisema Baba alikosea tahajia kwa makusudi ili arudi kesho yake kurekebisha.

Nilimuuliza alirudi mara ngapi.

"Jina lilikuwa na herufi saba," Mama alisema, akinyoosha mkono kuchukua chumvi. "Alikosea zote."