Dawa Niliyoiahidi Mimi

Mwaka 1990, nikiwa na miaka thelathini na sita, mume wangu alifariki akaniachia nyumba ya udongo Chuno, hapa Mtwara, na mtoto mmoja, Somoe, wa miaka kumi na mitano. Mimi niliishia darasa la tatu. Nikaingia kwenye majaruba ya chumvi, yale madimbwi ya kukaushia maji ya bahari, kule mikokoni upande wa mdomo wa mto Ruvuma. Tulikuwa tunapiga magoti kwenye maji makali, tunaparura chumvi, tunajaza karai, tunajitwika, tunapanda tuta. Miaka mingi, hivyo hivyo. Sisemi ili unionee huruma, mwanangu unayesoma haya. Nilianza kibarua, nikawa msimamizi, nikanunua jaruba langu la kwanza, na hakuna mwanamume aliyenishika mkono. Lakini magoti niliyaacha kule.

Somoe alikuwa na kichwa. Alisoma Mtwara, akasoma Dar es Salaam, akasoma Ulaya mpaka nikachoka kuuliza atamaliza lini. Alipopata udaktari, ule wa vitabu, si wa sindano, nilipiga vigelegele peke yangu uani. Halafu akaniambia anabaki kwenye maabara miaka mingine, anafanya utafiti. Nikamuuliza, mtu akishakuwa daktari anatafuta nini tena? Akacheka kwenye simu.

"Natafuta dawa ya magoti yako, Mama."

Na kweli. Alinieleza kwamba kati ya mfupa na mfupa kuna kitu laini kinaitwa gegedu, na kikilika ndipo goti linapouma. Ukichoma dawa ndani ya goti, mwili unaisomba upesi. Haijafanya kazi, imekwishaondoka. Wao walitaka dawa itakayong'ang'ania gegedu tu, ikae pale pale, iache mwili mwingine. Hilo nililielewa bila kuelezwa mara mbili. Ndivyo chumvi inavyofanya jarubani: maji yanakwenda zake, yenyewe inabaki imeshika chini.

Sasa nakumbuka siku moja ya mwaka 2007, na ndiyo iliyonikalisha nikuandikie. Somoe alikuja likizo ya wiki tatu. Kabla hajafika, nilikuwa nimeshatangaza majarubani kwamba mwanangu anakuja na dawa ya magoti. Hakuniambia analeta. Wala sikumuuliza. Nilisema tu, kwa sababu nilipenda jinsi wanawake wenzangu walivyonyamaza kunisikiliza.

Jumapili asubuhi wakaja kumi na mmoja. Wengine walitoka mbali kwa miguu, na miguu yenyewe ndiyo hiyo. Wakakaa mkekani uani kwangu, wamenyoosha miguu, kanga zimepandishwa juu ya magoti. Walikuwa wameyaosha na kuyapaka mafuta ya nazi, maana wanakwenda kwa daktari. Mbele alikaa Bi Hawa, mkubwa wetu, aliyenifundisha kazi ya chumvi. Somoe akatoka ndani na kikombe cha chai, akaduwaa mlangoni.

"Mwanetu, anza na la kushoto," Bi Hawa akamwambia. "La kulia litasubiri, limezoea."

Wakacheka. Somoe hakucheka. Aliweka kikombe chini, akawaamkia shikamoo mmoja mmoja, ndipo akawaambia ukweli: dawa hakuna. Ile wanayoitafuta haijamgusa binadamu hata mmoja. Bado iko kwa panya wa maabara, na hata kwa panya hawajajua mwisho wake.

"Kumbe daktari wa panya," mmoja akasema huko nyuma, na safari hii kicheko kilikuwa kingine.

Nilimvuta mtoto ndani. Nikamwambia hata kama ni ya panya ailete, anichome mimi, nimeridhia, goti ni langu. Akanijibu:

"Mama, panya akiharibika naandika kwenye daftari. Wewe ukiharibika nitaandika wapi?"

Ni jibu la mtoto anayempenda mama yake. Siku ile sikulisikia hivyo. Nilisikia aibu yangu tu, na wale wanawake wakikunja miguu yao kule nje. Nikamwambia, basi nenda kwa panya wako.

Kwetu msafiri hatoki hivi hivi. Mama anasimama mlangoni, anainua msahafu, mtoto anapita chini yake, anaambiwa radhi ziko nawe. Nilimfanyia hivyo tangu safari yake ya kwanza ya Dar es Salaam. Siku anaondoka nilikaa kitandani, mlango wa chumba wazi, nikamwona amesimama kizingitini na begi lake. Alisubiri. Teksi ikapiga honi mara ya pili. Akainama mwenyewe, kama vile kuna kitu juu yake, akatoka.

Mwaka ukapita na miezi juu yake. Akipiga simu, sipokei. Halafu ikaja barua. Mimi nasoma polepole, kwa kidole, na ile niliisoma siku mbili. Dawa ilishika gegedu vizuri kama walivyotaka, ila baada ya muda panya wakaanza kuchechemea. Gegedu lililotakiwa kuponywa lilikuwa linalika kwa dawa ile ile. Wameiacha. Miaka yake mitatu imekwenda na maji. Aliandika: "Nililia, Mama. Halafu nikawakumbuka mama zangu kumi na mmoja mkekani, nikafuta machozi."

Nikaipeleka kwa Bi Hawa, nikamsomea. Alisikiliza huku anabangua korosho, hakuinua uso.

"Yule mtoto hakutuahidi kitu," akasema. "Aliyeahidi ni wewe, Mama Somoe. Yeye alikuja akatukinga, sisi tukamcheka, na wewe ukamnyima msahafu. Sasa barua unanisomea mimi ya nini? Mpigie mwenyewe."

Nikapiga. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kuomba msamaha, lakini yeye akaniwahi, akauliza magoti yanaendeleaje. Nikalia, mimi ambaye kwenye matanga ya mume wangu watu walisema nina moyo wa jiwe.

Alinisamehe zamani. Alianza upya na dawa nyingine, nayo ikakataa, akaanza nyingine. Mpaka leo yuko huko huko, na tangu wakati ule amekuja nyumbani mara mbili. Nikitembea Shangani jioni na fimbo yangu, nikaona mama wa rika langu ameshikwa mkono na binti yake, navuka barabara. Kusamehewa nimesamehewa. Lakini zile wiki tatu alikuwa nyumbani, ananikandia miguu kwa maji ya moto, na mimi nikazitumia kununa.

Mwanangu, usiahidi kwa mdomo wako kazi iliyo mikononi mwa mwingine. Anayekwambia "bado" msikilize kuliko anayekwambia "ipo". Na mtu wako akiondoka mmegombana, mpe radhi kwanza. Ugomvi hauna safari, utaukuta hapo hapo. Mungu akupe viungo vyepesi, akulinde na aibu inayoziba masikio, na unaowasubiri akuletee wakiwa wazima.

Mimi leo nina majaruba sita, pampu mbili za maji, shamba la mikorosho, na nyumba ya matofali Rahaleo yenye vyumba sita. Vitano nimepangisha. Cha sita kina kitanda na meza ya kusomea, na kila anayekuja kukiulizia namwambia kina mtu.