Saa ya utafiti aliyomvika mkewe

TUNDUMA. Saa tatu asubuhi. Foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Zambia imesimama tuli, na Osea Silwimba (48) ameketi chini kando ya barabara, anashona turubai lililochanika. Anapitisha sindano mara moja, mara mbili, ya tatu kidevu kinamwangukia kifuani. Sindano inamchoma kidole. Anashtuka na kuangaza huku na huku, nani kamwona.

Kaonwa. "Mudala, mulishani?" dereva wa Kizambia anamtania kutoka dirishani, akimwita mzee na kumjulia hali kwa Kibemba. "Ulikuwa unaota nini?"

Osea anacheka naye. "Nacheka ili yaishe," Osea anasema, dereva akishasogea mbele. "Moyoni natamani ardhi ipasuke."

Kwa miaka ishirini na mbili kazi yake ilikuwa juu, si chini. Alipanda kwenye shehena, akatandaza turubai na kulikaza kwa kamba ili mzigo usilowe njiani. Lori moja lilimpa shilingi elfu kumi na tano. Kushona kunampa elfu sita kwa siku, siku ikiwa nzuri.

Usingizi ulianza kumvamia mchana miaka mitatu iliyopita. Ulimkuta akila, ulimkuta akisalimiana na mtu. Alipoona unamfuata hadi juu ya malori, alijifunga kamba kiunoni na kuwaambia wenzake kwamba huo ndio usalama kazini. Walimsifu kwa uangalifu wake, naye akazipokea sifa.

Kisha siku moja, saa sita mchana, walimkuta ananing'inia ubavuni mwa lori la mbolea, kamba imembana mbavu, amesinzia. Walimshusha. Mmoja akamsogelea kumnusa kama amekunywa.

"Mimi mzee wa kanisa, ninanuswa mdomo mbele ya vijana," anasema.

Makene, kiongozi wa kikundi chao, alimpa sharti moja: alete karatasi ya daktari inayosema ni mzima, la sivyo asipande tena. "Sikumchukia," anasema Makene. "Niliogopa kumpelekea mkewe, Ruti, maiti."

Presha ya Osea nayo ilikuwa imegoma kushuka kwa vidonge. Daktari alimwelekeza Vwawa, kwa watafiti wanaochunguza maradhi ya usingizi na uhusiano wake na presha. Walimvisha kifaa kama saa ya mkononi kinachorekodi mtu anapolala na anapoamka. Akivae siku kumi na nne bila kukivua.

Njiani kurudi Tunduma, Osea alipiga hesabu zake. Kifaa kikikaa mkononi mwake kitamchongea, na kazi itakwisha. Mkewe Ruti analala kama watu wengine. Akivaa Ruti, karatasi itatoka safi.

Alimwambia mkewe kwamba madaktari wanataka wake ndio wavae. Ruti, ambaye hakuwahi kumiliki saa maishani, aliipenda. Alilimia nayo mahindi na kwenda nayo kanisani.

Siku ya kumi na tano waliitwa wote wawili, maana watafiti humhoji pia anayelala na mgonjwa. Muuguzi wa utafiti, Judith, alifungua taarifa za kifaa kwenye kompyuta.

"Baba, pole sana," alisema. "Hapa inaonyesha unalala saa nne tu. Unaamka mara kumi na nne usiku mmoja. Huwa unaamka kufanya nini?"

Aliyejibu ni Ruti.

"Namtikisa."

"Unamtikisa nani, mama?"

"Huyu Baba Angel. Anakoroma, halafu ananyamaza kabisa, hapumui. Namtikisa mpaka avute hewa, ndiyo nalala tena. Miaka mitatu sasa."

Judith aliutazama mkono wa Ruti, uliobaki na alama nyeupe ya mkanda. "Kwani kifaa ulivaa wewe?"

"Si mlisema wavae wake?"

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Osea amekilalia chake miaka kumi na tisa, na kunguni wake hakuwajua.

"Niliona aibu ya kudanganya," anasema. "Lakini hiyo ilikuwa ndogo. Aibu kubwa ni kwamba nilikuwa naapa mke wangu analala vizuri. Sikuwahi hata kumuuliza."

Walipofika nyumbani, Ruti alimwambia: "Ungeniambia, baba. Ningekusaidia kuficha."

Kule Vwawa, Judith hakumfokea. Alifuta taarifa zile, akampa Osea kifaa kingine na kipimo cha pumzi cha usiku mmoja. Majibu yalikuja: akilala, koo lake huziba na pumzi hukatika mara thelathini na moja kwa saa. Ndiyo maana presha haishuki, alielezwa, na ndiyo maana mchana mwili unadai usingizi wake.

Safari hii Osea hakungoja kushushwa. Aliwakusanya wenzake, akawasimulia yote, hata ya saa. Walicheka sana. Makene ndiye aliyemtafutia kazi ya kushona.

Watafiti wamemwahidi kumwazima, mwezi ujao, mashine ya kusukuma hewa puani ili koo lisizibe. Soketi ya umeme ameshaivuta hadi kitandani. Akipata nafuu na daktari akiridhia, anataka kurudi juu ya malori.

Kabla ya hapo ana mpango mwingine: kumpeleka Ruti kijijini Mbebe kwa dada yake, akalale wiki nzima. Alitaka aende hata sasa. Ruti akamuuliza, na nani atakutikisa?

"Amekubali kwenda mashine ikifika," anasema Osea. "Ila kwanza atakesha nayo usiku mmoja, aone kama inaiweza kazi yake."