Matembezi Bila Salamu

Bi Pindo, aliyepewa jina hilo kwa namna anavyokunja mapindo ya suruali, hushona kwenye chumba cha mbele, mlango wazi. Mguu uko kwenye cherehani, mdomo uko barabarani. Anayepita humsalimia, naye hujibu bila kuinua macho, kwa kuwa sauti za mtaa mzima anazijua.

Ana presha. Mtoto wa kaka yake, muuguzi, alipoajiriwa kwenye utafiti wa matembezi msituni, alimwandikisha. Kampuni ya utalii ilitaka kujua kama msitu unashusha presha kweli, kabla ya kuwatangazia wageni. Nusu ya watu wangetembea msituni, nusu mitaani kwao, halafu walinganishwe. Bahati nasibu ndiyo iliyoamua.

"Shangazi, umeangukia barabarani."

"Nilijua tu. Wenzangu wale hewa, mimi nile vumbi."

Sharti lilikuwa moja kwa wote: kutembea kimya, bila simu wala maongezi. Msituni halikumsumbua mtu. Lakini Bi Pindo alikuwa kwenye mtaa wake mwenyewe. Muuza mkaa alimwita, yeye akainua mkono tu, akaendelea. Fundi baiskeli akamtania, "Vipi leo, umemeza sindano?" Bi Pindo akacheka kwa pua. Jirani yake, Mama Maziwa, waliyepakana naye ukuta tangu wote wawili ni maharusi, alimsalimia, akamsalimia tena kesho yake asijibiwe, kisha akaanza kumpita kama nguzo ya umeme.

Bi Pindo alikwenda kumweleza. Akaambiwa mama amelala, na jua lilikuwa bado kali. Baadaye akasikia kwamba gauni la harusi la binti wa Mama Maziwa, ambalo tangu mtoto anatambaa ilijulikana atalishona yeye, limepelekwa kwa fundi mwingine.

Presha ikapanda. Ya watu wa msituni ilishuka, na kampuni ikaanza kuchagua picha za tangazo. Muuguzi alimuuliza shangazi yake kama anameza dawa.

"Nameza. Na hilo gauni nalo nalimeza kila siku, halishuki. Nitoe kwenye utafiti wenu, baba."

Muuguzi akakaa kwenye stuli ya wateja, akamtaka amsimulie yote. Yeye na wenzake walidhani kimya ni kilekile popote. Msituni kilikuwa pumziko. Hapa kilikuwa tusi. Walijiona wanapima faida ya miti, kumbe wanapima na uchungu wa salamu zilizozuiwa. Alimweleza mkuu wake, ambaye hakufurahi, lakini tangazo likasimamishwa, sharti la kimya likafutwa, na utafiti ukapangwa kuanza upya.

"Haya, nyinyi mnaanza upya," alisema Bi Pindo. "Mimi je? Twende ukaseme mwenyewe."

Mama Maziwa aliwasikiliza mlangoni, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo alilipwa asinisalimie?"

"Hapana, mama. Alijitolea."

"Basi ndiyo mbaya zaidi. Amenidharau bure!"

"Nilikuwa nakuona, mwenzangu," alisema Bi Pindo. "Siku ile ulivaa koti la kijani, kifungo kimekatika. Ulimi uliniwasha."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Mama Maziwa alitazama chini. "Gauni limeshakatwa kule. Siwezi kumnyang'anya mtu kazi."

"Najua."

"Lakini shela haijaguswa." Akasogea kando kidogo. "Ingia umpime mtoto kichwa."

Bi Pindo akavua viatu. Muuguzi alipotaka kumfuata, Mama Maziwa alimzuia kwa kiwiko.

"Wewe rudi kwa miti yako."